Kadi Niliyoigeuza Asubuhi ya Ruracio

Aibu yangu si ya kuhadithia watu, lakini tayari inahadithiwa kutoka Endarasha mpaka Mwea na kila mtu anaongeza chumvi yake (kuna mmoja huko sokoni anasema nilipiga magoti, mimi sikupigia mtu magoti), kwa hivyo heri niiandike mwenyewe vile ilikuwa, halafu anayetaka kucheka acheke mara moja amalize.

Mimi ni Gathogo. Wanaonijua wananijua kwa waru, yaani viazi. Nilianza na gunia moja la kubeba mgongoni, la mtu mwingine, na leo niko na stoo mbili pale Ruring'u, lori, na nyumba ya mawe, na hayo yote nimeyapata na darasa la tatu. Sikusema la nane. La tatu. Mambo ya kusoma nimeyapita kwa ujanja: Kiswahili najikokota nacho, lakini mtu akiniletea karatasi ya Kiingereza namwambia nimesahau miwani nyumbani, hebu anisomee, naye anasoma, na kazi inaendelea. Nimesahau miwani miaka arobaini. Hata nilipokuja kununua miwani yenyewe, ya kuonekana nayo tu, bado niliendelea kuisahau.

Shida ilianza na kupumzika. Mke wangu alinitangulia miaka mitano sasa, na kijana wangu Kariuki akaniambia, "Baba, umefanya kazi ya kutosha, wacha mimi niangalie stoo, wewe kaa." Nikakaa. Lakini mtu ambaye ameamka saa kumi alfajiri maisha yake yote kutafuta vibarua wa kupakia lori, ukimwambia akae, miguu yake haipati hiyo habari. Naamka saa kumi, nazunguka boma, nahesabu ng'ombe ambao najua ni watatu, nafungua geti, nafunga, naangalia kama mlima umefunguka, naona umejifunika, narudi ndani, natoka tena. Nikienda Ruring'u napanga upya magunia yaliyopangwa vizuri. Wale vijana wa stoo wananiambia, "Mzee, Kariuki alisema upumzike." Nikaanza kulichukia hilo neno.

Basi msichana wangu Wambui, ambaye anafanya kazi ya kupanga vyumba katika hoteli moja ya watalii kule Nanyuki, akaja likizo na pakiti ya kadi. Mgeni mmoja mzungu alimwachia kama zawadi. Akazimwaga mezani akawa anazichanganya huku anacheka peke yake.

"Hizo ni za kamari?" nikamuuliza.

"Hapana, baba. Zinaitwa tarot. Unauliza kitu, unatoa kadi, unaangalia picha, unafikiria maisha yako. Ni ya kujiangalia tu."

"Mtu hujiangalia kwa kioo."

"Wewe si unajiangalia kwa kioo kila siku? Umeona nini?"

(Huyo msichana alichukua mdomo wa mama yake wote, hakuwaachia wengine.)

Alipoenda kuosha vyombo nikavuta kadi moja, hivi hivi tu, na hapo ndipo nilipotea. Nikaona mzee amesimama juu ya mlima, theluji miguuni, joho zito la baridi, fimbo mkono mmoja na taa mkono mwingine. Nani angeniambia kwamba huyo si mimi? Huyo ni mimi saa kumi alfajiri Endarasha, na tochi, natafuta vibarua. Nikakaa nikamwangalia mpaka chai ikapoa. Halafu nikaona jambo lingine, na hili ndilo lilinimaliza kabisa: hizi kadi zote ni picha. Kuna maneno ya Kiingereza hapo chini, ndiyo, lakini madogo, ya kupita tu. Picha haikuulizi ulifika darasa gani. Miaka hii yote nimesomewa, sasa nimepata kitu ambacho mimi mwenyewe naweza kusoma.

Nikamwambia Wambui aniachie. Akaniachia, akawa ananifundisha kwa simu.

"Leo umetoa gani, baba?"

"Kuna mtu amefungwa mguu mmoja akaning'inizwa juu ya mti. Na halii."

"Huyo ni wa kungoja. Maana yake tulia, usiharakishe jambo."

"Hiyo ni kadi mbaya. Natoa nyingine."

"Baba, huwezi kutoa mpaka upate unayotaka. Na tena umeishika vizuri? Kadi ikitoka kichwa chini inabadilika maana."

"Ikitoka kichwa chini naigeuza."

"Hapana, usigeuze. Hapo ndipo kuna kazi. Na pia usichukue picha vile iko, kama ni simba ati utakutana na simba."

Nikamwambia mimi sikujenga nyumba ya mawe kwa kusoma vitu kichwa chini, na nikakata simu. Ukweli ni kwamba siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimetoa kadi ya nyumba ndefu imepigwa na radi, watu wanaruka kwa madirisha, na kabla ya saa sita tangi la maji la jirani likaanguka kutoka juu ya mbao zake likavunja choo. Hakuna mtu alikuwa ndani. Lakini nilisimama pale uani nikaangalia maji yakipita nikasema, Gathogo, wewe unajua kusoma hizi vitu. Mwanafunzi wa wiki mbili, na tayari nimejipa cheti.

Mtu wa pekee niliyemwonyesha ni dada yangu Nyaguthii, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu yeye ni mama wa kanisa, wa kitambaa cheupe kichwani.

"Choma," akasema.

"Ni picha tu."

"Choma, Gathogo. Unajua tunaenda kwa nani."

Nilijua. Kariuki alikuwa amempenda msichana wa Mwea, Nyawira, mwalimu wa shule ya msingi, na amempenda miaka mitatu akingojea baba yake akubali. Huyo baba, Mzee Muriithi, ni mkulima wa mpunga na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na alikuwa ametuma neno moja: tukaribie, lakini nyumba yake ni ya maombi, hataki mtu amletee mambo ya waganga hapo. Alikuwa na sababu. Ndugu yake alimalizwa na waganga, shamba likaenda, akili ikaenda. Kijana wangu alinirudilia hilo neno mara mbili, si kwa sababu alikuwa na shaka nami, ni kwa sababu alikuwa anaogopa. Sijawahi kumwona Kariuki akiogopa kitu, hata lori lilipokosa breki kwa mteremko.

Nikamwambia Nyaguthii nimechoma. Sikuchoma.

Siku ya ruracio ikafika, yaani siku ya kwenda kuongea mambo ya mahari, na mimi ndiye nilikuwa msemaji wa upande wetu. Kawaida msemaji huwa mtu mwingine, rafiki au mjomba, baba mwenyewe anakaa kimya kama mgeni. Lakini mimi nilikataa. Mtu aongee kwa niaba yangu, ananishinda nini? (Hapo Nyaguthii alivuta pumzi ndefu akaangalia dirisha.) Na msemaji wa ruracio si mtu wa mchezo. Akishasema neno mbele ya wenyeji, limesemwa na nyumba yote, haliwezi kurudi. Ndiyo sababu watu wenye akili huchagua mtu mpole.

Asubuhi hiyo nikatoa kadi moja. Nikauliza, leo nitafanya nini ili mambo yaende sawa? Ikatoka kichwa chini, na mimi bila kufikiria nikaigeuza na kidole, kama mtu anayenyoosha kofia. Nikaona mwanamke amekaa katikati ya nguzo mbili, moja nyeusi na moja nyeupe, kitambaa kimemfunika kichwa, pazia nyuma yake, mwezi miguuni. Mapajani ana karatasi iliyokunjwa, na nusu yake ameificha na nguo. Nikampenda hapo hapo. Hata yeye anaficha mambo ya karatasi. Nikamweka juu ya zile zingine, nikatia pakiti yote mfuko wa ndani wa koti langu la sufu, na nikavaa miwani ili niheshimike. Huo ndio uamuzi wangu mdogo. Mfuko tu.

Sasa, koti la Endarasha si la Mwea. Kwetu asubuhi kuna umande wa kukata vidole. Mwea ukishuka kwa gari unahisi kama umefungua mlango wa jiko. Wanawake wetu waliimba getini, wa ndani wakajibu, tukasumbuliwa kidogo kama inavyotakiwa, tukafunguliwa, tukaketi chini ya hema, na kabla hata ya maombi Mzee Muriithi akaniambia kwa upole, "Mzee, vua koti, uko nyumbani."

"Niko sawa."

"Hapa ni joto."

"Mimi nahisi baridi," nikasema, na jasho linanidondoka puani.

Akaniangalia. Watu wake wakaniangalia. Nyaguthii akaniangalia vibaya zaidi, kwa sababu amenijua tangu tukiwa watoto na anajua mimi huvaa shati peke yake hata mvua ikinyesha.

Basi maombi yakaisha, maji ya matunda yakazunguka, wakaleta wasichana. Kwa wasiojua: wenyeji huchukua bibi harusi wakamchanganya na wengine, wote wanafunikwa leso kutoka kichwani mpaka chini, wanasimama mstari, na upande wa kijana lazima umtambue wake. Mkikosea mnatozwa faini, na mnachekwa mpaka mfike kwenu. Ni mchezo, lakini ni mchezo ambao watu wanaukumbuka.

Walikuwa sita. Nyayo tu ndizo zilionekana. Kariuki akatembea mstari polepole, akafika kwa wa nne, akasimama. Ningemwacha, hadithi yangu ingeishia hapo na hamngeisoma. Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu. Yule wa mwisho alikuwa amesimama katikati ya nguzo mbili za hema. Moja ilikuwa chuma tupu, nyeusi. Ya pili ilikuwa imefungwa kitambaa cheupe cha mapambo. Nyuma yake pazia la hema. Nikashindwa kukaa. Nikasimama, nikaketi, nikasimama tena.

"Gathogo, tulia," Nyaguthii akaninong'oneza.

"Si huyo," nikasema kwa sauti.

Kariuki akageuka. "Baba?"

"Si huyo, Kariuki. Wetu ni yule wa mwisho."

"Baba, ni huyu."

"Angalia hiyo miguu," Nyaguthii akaninong'oneza, na sasa alikuwa amenishika koti. "Gathogo, hiyo ni miguu ya mtu amelima miaka sitini. Visigino vimepasuka."

Watu wote walikuwa wameona visigino. Mimi nilikuwa naangalia nguzo.

Nikainua fimbo yangu nikasema kama msemaji, kwa sauti ya kutosha kufika barabarani, "Nyumba ya Gathogo imemtambua mtoto wake. Ni huyo."

Mzee Muriithi akauliza mara moja, kama desturi inavyotaka, "Msemaji amesema?"

"Amesema."

Leso ikatolewa. Alikuwa Shosho Micere, yaani nyanya yake Nyawira, mama yake Mzee Muriithi, amesimama wima kama mlingoti, na meno ya mbele yote yalishaenda. Akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu, bila haraka.

"Nimengoja sana," akasema.

Hema yote ikaanguka kwa kicheko. Wa upande wao, wa upande wetu, hata dereva wetu aliyekuwa nje. Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe mzee alikuja kujitafutia," mwingine akasema, "Ndiyo maana amekataa kuvua koti, ni bwana harusi." Na mniamini, hapo bado hapakuwa na neno baya. Ningecheka nao, nikalipa kondoo wa faini, tungeenda kula pilau. Shosho mwenyewe alikuwa anafurahia. Lakini mimi kuchekwa sijazoea. Mtu amejijenga na mikono yake, hawezi kuachwa aonekane kama amebahatisha kama mtoto. Nikataka wajue niko na sababu.

"Ngojeni," nikasema. "Sikuchagua ovyo. Nimesoma."

Nikaingiza mkono mfuko wa ndani kutoa ile kadi moja. Vidole vilikuwa na jasho, pakiti ilikuwa na jasho, kitambaa changu cha kupangusa uso kilikuwa humo humo, nikavuta kitambaa na kila kitu kikatoka pamoja. Kadi sabini na kitu zikamwagika juu ya nyasi za Mzee Muriithi. Na ile moja iliyoteleza mbali kuliko zote, mpaka ikagusa kiatu chake, ilikuwa ya mifupa ya mtu amepanda farasi, amebeba bendera nyeusi.

Kicheko kikakatika.

Mzee Muriithi akainama akaiokota. Akaigeuza. Akanipatia.

"Hapa chini imeandikwa nini?"

"Nimesahau miwani," nikasema. Mdomo ulijisemea wenyewe, umezoea.

"Umeivaa."

Nikaigusa. Ilikuwa puani.

Hapo mtu mwenye akili husema ukweli. Mimi nikaangalia zile herufi, nikaangalia farasi, nikasema, "Imeandikwa safari."

Na kutoka kwenye mstari, ndani ya leso ya nne, sauti ya mwalimu ikasema pole pole, "Imeandikwa kifo, baba." Akatoa leso mwenyewe. Huyo ndiye Nyawira. Alikuwa ameisoma kwa upenyo wa leso ilipogusa kiatu cha baba yake, hatua mbili tu kutoka kwake.

Sitaki kurefusha yaliyofuata. Shangazi mmoja akataja uganga. Nyaguthii akainama akaanza kuokota kadi, si kwa kunisaidia, ni ili watu wasizikanyage, na akaniambia bila kuniangalia, "Ulisema ulichoma." Mzee Muriithi hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alisema, "Niliomba kitu kimoja tu." Halafu akachukua wazee wake wakaingia ndani kushauriana, na sisi tukaambiwa tungoje nyuma ya nyumba.

Kungoja huko nyuma ya nyumba ndiyo ilikuwa adhabu. Kariuki aliketi juu ya jiwe, mikono katikati ya magoti. Nilitaka anitukane, afadhali. Mimi kukaa sikuweza, nikaanza kutembea, naenda mpaka kwenye mfereji, narudi, naenda, narudi, mpaka mwanamke mmoja akaita kutoka jikoni, "Mzee, hiyo unakanyaga ni mpunga wetu." Nikaangalia chini. Walikuwa wametandaza turubai la mpunga kukauka na mimi nilikuwa natembea katikati na viatu, nimeshachora barabara nzima.

Nikatoka hapo, nikasimama karibu na kijana wangu.

"Ulijuaje ni wa nne?" nikamuuliza.

"Alikuwa anainua kidole gumba cha mguu. Tulipanga."

"Si ungesema basi."

"Baba, msemaji ni wewe." Akainuka kutoka kwenye jiwe. "Nilikuambia, baba. Mara mbili nilikuambia."

Nimebeba magunia ya kila namna katika hii dunia, na hakuna lililonikalia begani kama hayo maneno.

Tukaitwa. Mzee Muriithi alikuwa amesimama na pembe ya ng'ombe mkononi. Zamani pembe hiyo ilijazwa pombe ya asali, lakini kwa sababu ni watu wa kanisa walikuwa wameijaza soda nyekundu. Kwa desturi yetu hapo ndipo mambo yote huamuliwa. Msichana anaitwa mbele ya watu, anaulizwa kama kinywaji kinywewe, na akionja kwanza, ameolewa. Asipoonja, kila mtu anachukua mbuzi wake anaenda. Baba anaweza kuwa na hasira, mjomba anaweza kuwa na hasira, lakini pembe ni ya msichana.

"Nyawira," baba yake akasema, "umeona uliyoyaona. Mimi sitasema kitu. Tunywe au tusinywe?"

Nyawira akaishika pembe. Hakuonja. Akamwangalia Kariuki, Kariuki akamwangalia, na kijana wangu alikuwa na uso ambao sijauona tangu siku tulipomzika mama yake. Halafu akageuka kwangu.

"Baba, nataka kuuliza. Hiyo kadi ilisema nini kunihusu?"

Nikafungua mdomo. Miwani puani. Nikatafuta uongo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuupata, au niliupata nikauona ni mzito kuubeba.

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Sijui kusoma, mama. Kiingereza sijui, na hizo kadi pia sijui. Niliachia darasa la tatu. Ilikuwa na mwanamke katikati ya nguzo mbili, nikaona nguzo mbili, nikafikiri nimesoma. Kariuki hakujua. Dada yangu alidhani nimezichoma. Ni mimi peke yangu. Hizi miwani pia nilinunua tu."

Nilivua miwani nikaishika mkononi, sikujua niiweke wapi. Kariuki alikuwa ameinua kichwa. Hakuwahi kujua. Miaka yote hiyo ananisomea karatasi za stoo, kijana wangu alifikiri kweli mimi ni msahaulifu.

Nyawira alinitazama kwa muda, vile mwalimu humtazama mtoto ambaye hatimaye amesema nani alivunja dirisha. "Sawa," akasema. Na akaonja soda. Akampa Kariuki naye akaonja kwa pupa mpaka nyekundu ikamdondokea kwa shati jeupe, na wanawake wakaanza nyimbo.

Mzee Muriithi alingoja nyimbo zitulie. "Muthoni wangu," akaniita, na neno hilo la ukwe nilidhani sitalisikia, "kuna mambo mawili. Kondoo wa faini ni wa mama yangu, kwa kumchagua na kumwacha. Na msemaji wenu abadilishwe."

Wakamchagua Nyaguthii. Mwanamke kusema kwa ruracio si jambo la kawaida, lakini hakuna aliyebisha, na alimaliza kwa nusu saa mambo ambayo mimi ningeyavuta mpaka jioni. Mimi nilipelekwa jikoni kumenya waru za supu pamoja na wasichana. Shangazi yule wa uganga akaniwekea karai akasema, "Hizi unajua kuzisoma?" Nikamenya. Nilivua koti.

Tulipokuwa tunaondoka Shosho Micere akaniita na kidole. Akaomba ile kadi yenyewe, ya mwanamke. Mwanawe akaanza kusema kitu, Shosho akamwambia ni picha yake, amechaguliwa mbele ya watu, ataiweka, na Mzee Muriithi mwenyewe, mzee wa kanisa na yote, akanyamaza kama mtoto. Nikampa. Kadi ikikosa moja pakiti haifai kitu tena, na hizo zingine Nyaguthii alizichoma mwenyewe kwa jiko langu akiwa amesimama, ili asidanganywe mara ya pili.

Wambui nilimpigia simu kumweleza. Alicheka mpaka akalia, halafu akauliza, "Baba, hiyo kadi ilitoka juu au kichwa chini?"

"Chini. Nikaigeuza."

"Huyo akitoka kichwa chini, baba, maana yake kuna mtu anajifanya anajua kitu ambacho hajui."

Nilizima simu nikaenda kuhesabu ng'ombe.

Kwa hivyo hii ndiyo ahadi yangu, na naiandika ili niogope kuivunja: sitashika kadi tena, ya picha ama ya kamari, na karatasi ya Kiingereza ikija namwambia mtu anisomee kwa sababu sijui, si kwa sababu ya miwani. Hilo la pili ndilo gumu. Kupumzika bado sijajifunza, nitawaambia nikiweza.

Mwezi uliopita tulienda Mwea kumsalimia Shosho Micere, ambaye sasa akiniona huwaambia wageni huyu ndiye bwana aliyenitoroka. Aliniketisha sebuleni, nikainua macho, nikaona yule mwanamke wa nguzo mbili amebandikwa ukutani na gundi, karibu na kalenda ya kanisa. Amebandikwa kichwa chini, mwezi juu, miguu juu. Shosho hakujua, au alijua, sikuuliza. Mkono wangu ukainuka wenyewe kwenda kumgeuza.

Nikaurudisha mfukoni, nikaomba chai.